Mtoto akiandikishwa masomo ya mtandao, nani atakaa naye?

Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia

Tunajua wengine wenu mmetoka mbali na mmeacha kazi shambani, kwa hiyo tuanze.

Jambo tulilopewa kuzungumza ni hili la kuandikisha watoto wa shule za umma katika masomo ya mtandao. Katika vikundi tunavyovitembelea, swali hili limekuwa likirudi. Mama mmoja anasema binti yake yuko shule ya kutwa ambayo haina mwalimu wa fizikia. Nyanya mwingine ana mjukuu mgonjwa ambaye hawezi kwenda shuleni kila siku. Na kuna kikundi kilichotembelewa na mtu mwenye karatasi nzuri za kung'aa, akasema ati kila mwanachama akitoa pesa kidogo kila mwezi, watoto wote watasomea kwenye simu na mambo ya karo yatakuwa yamekwisha. Pesa za mzunguko ziko pale kwa mweka hazina. Je, zitolewe?

Hatukuja kuwakataza, wala hatukuja kumsaidia yule wa karatasi. Tumekuja kueleza jinsi kazi hii inavyofanywa mahali ambapo imezoeleka, maanake huko wameiona faida yake na wameiona hasara yake pia, na hasara hiyo haikuandikwa kwenye karatasi za kung'aa.

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Kuna mtoto anayebaki katika shule yake. Jina lake liko katika rejista ileile, yunifomu ni ileile, lakini somo moja au mawili anafundishwa na mwalimu aliye mbali, kwa njia ya kompyuta. Huyo ameandikishwa kwa sehemu tu. Halafu kuna mtoto ambaye hana darasa la kwenda. Masomo yake yote, kuanzia hesabu hadi historia, yako katika mtandao, na darasa lake ni meza ya nyumbani. Huyo ameandikishwa kwa siku nzima. Watu wakisikia "shule ya mtandao" huchanganya hizi mbili, na wauzaji nao hawana haraka ya kuzitenganisha. Lakini matokeo yake hayafanani.

Wale wanaobaki shuleni

Mfano wa kwanza tunautoa Marekani, jimbo la Florida. Huko kuna shule ya umma iitwayo Florida Virtual School. Ilianza mwaka 1997 ikiwa na wanafunzi wasiofika mia, na leo ni mojawapo ya kubwa kabisa za namna yake katika nchi ile. Mtoto anayeishi Florida halipi karo. Tuseme yuko katika shule ya mashambani na angependa kusoma hesabu za juu, na shule yake haina mwalimu. Anaomba somo hilo. Mzazi lazima akubali. Mshauri wa masomo katika shule yake naye lazima akubali kwamba somo hilo linamfaa. Kisha mwalimu wa kule mbali anapiga simu nyumbani na kuongea na mtoto pamoja na mzazi kabla kazi haijashika kasi. Baadaye anaendelea kupiga kila mwezi. Katikati ya somo mtoto huulizwa maswali kwa mdomo, kwa simu, ili mwalimu ajue kama kazi iliyoandikwa ni yake au ni ya kaka yake.

Sasa sikilizeni hili, hasa nyinyi waweka hazina. Florida iliweka utaratibu kwamba shule hiyo hailipwi na serikali kwa kuhesabu majina yaliyoandikishwa. Inalipwa kwa wanafunzi waliomaliza somo na kulipita. Mtoto akiliachia somo njiani, pesa ya somo hilo haiji. Ndiyo sababu yule mwalimu anapiga simu kila mwezi! Upole anao, lakini pia anajua mshahara unatoka wapi.

Jimbo jingine la huko, Michigan, tangu mwaka 2013 lina sheria kwamba mwanafunzi wa shule ya umma, wa gredi ya 6 hadi ya 12, anaweza kuomba masomo ya mtandao, na kwa kawaida yasizidi mawili kwa muhula mmoja. Mzazi anakubali, mamlaka ya shule za eneo lake inalipa, na ni lazima kuwe na mtu mzima anayefuatilia maendeleo ya mtoto yule. Mwalimu wa somo yuko mbali, lakini yuko mtu mwingine wa kumtazama mtoto usoni na kumwuliza, "Mbona wiki hii hujafungua kitabu?"

Huyo mtu wa kumtazama mtoto usoni ndiye tunayetaka mumkumbuke mnapoendelea kutusikiliza. Kompyuta imepatikana juzi tu, lakini yeye alihitajika hata kabla yake. Katika nchi ya Australia kuna watoto wanaoishi katika mashamba ya ng'ombe yaliyo mbali sana, jirani hamwoni jirani. Mwezi wa Juni 1951, katika mji wa Alice Springs, walianzisha shule ya redio. Walitumia redio zilezile za madaktari wanaoruka kwa ndege kwenda kuwatibu watu wa mashambani, zile redio ambazo mtoto angeweza kubonyeza na kumjibu mwalimu. Leo wanatumia intaneti ya setilaiti. Eneo linalohudumiwa na shule hiyo moja ya Alice Springs ni zaidi ya kilomita za mraba milioni moja, yaani kubwa kuliko Kenya nzima. Redio imekwenda, setilaiti imekuja, lakini tangu siku ile mpaka leo kila mtoto ana mtu mzima wa kukaa naye nyumbani wakati wa masomo. Mara nyingi ni mama yake, au msichana aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Shule haimwoni mtu huyo kuwa msaidizi wa pembeni. Bila yeye hakuna shule.

Wale wa siku nzima

Tuje kwa wale ambao hawana darasa kabisa. Marekani kuna shule nyingi za namna hiyo, zinazolipwa kwa pesa za umma lakini zinaendeshwa na mashirika kwa mkataba. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa ripoti. Walichukua watoto wa shule hizo katika majimbo 17 na mji mkuu wa Washington, wakawalinganisha na watoto wanaofanana nao waliobaki katika madarasa ya kawaida. Mwaka wa shule huko ni siku 180. Katika kusoma, watoto wa mtandao walikuwa nyuma kana kwamba wamekosa siku 72. Na katika hesabu je? Kana kwamba wamekosa siku 180. Yaani ni kama hawakufundishwa hesabu mwaka mzima.

Si kwamba watoto hao walikuwa wajinga, wala si kwamba kompyuta zilikuwa mbovu. Shule hizi zenyewe huwaambia wazazi mapema kwamba mtoto wa madarasa ya chini atahitaji mtu mzima karibu naye kwa saa kadhaa kila siku. Humpa mzazi cheo kabisa, humwita kocha wa masomo. Sasa mzazi anayeamka kwenda kazini alfajiri atakuwa kocha saa ngapi? Kuna watoto wanaofaulu vizuri kwa njia hii, hatukatai. Wako wagonjwa, wako wanaofanya michezo ya kulipwa, wako waliodhulumiwa shuleni wakaogopa kurudi. Lakini ukitazama vizuri utakuta nyuma ya wengi wao kuna mtu mzima aliyetoa siku yake.

Kisa kimoja tukieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu kinahusu hesabu za pesa. Katika jimbo la Ohio kulikuwa na shule ya mtandao iitwayo Electronic Classroom of Tomorrow. Ilifunguliwa mwaka 2000 na ikakua mpaka ikawa na watoto zaidi ya elfu kumi na tano kwenye orodha. Serikali ya jimbo ilikuwa ikilipa kwa kila jina. Miaka ikapita hivyo. Halafu wakaguzi wakauliza swali ambalo mwanachama yeyote wa chama angeuliza: hawa watoto mnaolipiwa, walisoma kweli? Mwanafunzi wa siku nzima alitakiwa kupewa saa 920 za masomo kwa mwaka. Wakaguzi wakafungua kumbukumbu za kompyuta, maana kompyuta huandika saa uliyoingia na saa uliyotoka. Wakakuta wengi wanaingia kama saa moja tu kwa siku. Kati ya watoto zaidi ya 15,000 waliodaiwa malipo ya mwaka 2015 hadi 2016, shule iliweza kuthibitisha kama 6,300 tu.

Shule ikajitetea kwamba kazi yake ni kuweka masomo mbele ya mtoto, na kwamba si lazima ithibitishe kuwa mtoto ameyasoma. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Ohio, ambayo mwaka 2018 iliamua kwamba serikali ina haki ya kudai uthibitisho huo. Shule ilikuwa imeamriwa kurudisha dola milioni 60 kwa mwaka ule mmoja, na nyingine zikaongezwa juu yake. Haikuweza. Mwezi wa Januari 2018 ikafungwa, katikati ya mwaka wa masomo, na watoto wapatao 12,000 wakaanza kutafuta shule nyingine wakati wenzao wako katikati ya vitabu.

Hapa kwetu tunayajua majina hewa, si ndiyo? Tumeyasikia katika mishahara na katika pesa za shule. Kumbe na wanafunzi wa mtandao wanaweza kuwa hewa, tena kwa urahisi zaidi, kwa sababu hakuna dirisha la darasa ambalo mzazi akipita njiani anaweza kuchungulia.

Nyumbani Kenya

Sisi wenyewe tulijaribiwa, tukitaka tusitake. Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba, na wengine wakangoja mpaka Januari 2021. Muda huo Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilitoa masomo kwa redio, kwa televisheni na kwa mtandao. Mnakumbuka jinsi ilivyokuwa. Simu ya kufungua mtandao ni ya baba, na baba ametoka nayo. Mama ana mulika mwizi. Watoto ni wanne na wako madarasa manne. Bando ikiisha Jumanne, masomo yanangoja siku ya soko. Redio ilifika katika nyumba nyingi kuliko mtandao, lakini redio nayo haimwulizi mtoto kama ameelewa. Mvulana aliambiwa achunge, msichana akaambiwa ateke maji, na wako wasichana ambao milango ilipofunguliwa tena hawakurudi kwa sababu wamekuwa mama.

Mwaka ule ule, mwezi wa Julai, mabaluni ya Loon yalirushwa angani kuleta intaneti katika sehemu za magharibi na kati ya nchi yetu. Watu walifurahi. Mwaka 2021 kampuni ikafunga mradi, mabaluni yakaondoka. Hatusemi kwa ubaya. Kampuni ilipiga hesabu yake ikaona haiwezi. Lakini kikundi kinapopanga elimu ya miaka minne juu ya kitu cha mtu mwingine, kiulize kitu hicho kitakuwepo kwa miaka mingapi.

Tena kuna vile vishikwambi. Kuanzia mwaka 2016 serikali ilipeleka zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma. Kabla kikundi hakijanunua hata kimoja, mwenyekiti na katibu waende kwa mwalimu mkuu, kwa heshima, wamwulize vya shule yenu viko wapi na kama vinafanya kazi. Wengine wenu mtakuta viko kabatini vimefungiwa, na kinachokosekana ni stima au mtu wa kuviangalia jioni. Hayo kikundi kinaweza kuyasaidia kwa pesa kidogo kuliko mnavyofikiri.

Sasa turudi kwa pesa za mzunguko

Maoni yetu ni haya, na mtayajadili wenyewe. Mtoto aliye katika shule ya umma asiondolewe katika rejista ili akasomee kwenye simu. Sababu moja ni mitihani. Katika mtaala huu wa umilisi, alama za kazi ambazo mtoto anafanya shuleni na kupimwa na walimu wake zinaingia katika hesabu ya matokeo ya mwisho wa Gredi ya 9, pamoja na mtihani wenyewe. Mtoto asiyekuwa darasani, nani atampa alama hizo? Yule mtu wa karatasi aulizwe swali hili mbele ya kikundi kizima: "Mtoto wetu ataandikishwa mtihani wa KNEC katika kituo gani?" Akianza kuzunguka, mnajua la kufanya.

Mwulizeni pia mwalimu ni nani, na kama mzazi anaweza kuongea naye kwa simu leo hii, kabla ya kulipa. Mwulizeni anataka habari gani za mtoto na anazipeleka wapi. Sheria yetu ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inasema habari za mtoto zisitumiwe bila mzazi au mlezi kukubali, kwa hiyo kuuliza si kumsumbua mtu. Na mwulizeni kama atakubali kulipwa kama Florida, yaani sehemu kubwa mtoto akimaliza somo.

Lakini yule binti asiye na mwalimu wa fizikia, huyo tunaona anaweza kusaidiwa. Yeye hahitaji shule mpya. Anahitaji somo moja. Shule ikikubali, wanafunzi wenye shida kama yake wanaweza kukaa pamoja jioni mbili kwa wiki, katika darasa au katika ukumbi wa kikundi, na kompyuta moja au mbili na kitabu. Kunakohitajika pesa ni tatu: bando, stima au sola, na posho ya mtu mzima wa kukaa nao. Si lazima mtu huyo ajue fizikia. Anaweza kuwa kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, au mwalimu mstaafu. Kazi yake ni kuandika nani amekuja, nani hakuja, nani amekwama wapi, na kumpigia simu mwalimu. Awe mtu ambaye mzazi wa msichana hataogopa kumwachia mtoto mpaka giza linapoingia, na wasichana wawe na mtu wa kuwarudisha nyumbani. Hili msilipitie harakaharaka. Somo linaweza kuvunjika kwa sababu ya njia ya kurudi nyumbani tu.

Tupige hesabu. Kikundi cha watu 20, kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa wiki, kinapata shilingi 1,000. Kwa wiki 12 za muhula ni shilingi 12,000. Hazitoshi kununua tableti za watoto wote, na kwa maoni yetu ni afadhali zisitoshe. Zinatosha kuanzisha jioni mbili. Yule mtu mzima alipwe kidogo kila mwezi na kilichobaki apewe mwisho wa muhula, baada ya daftari lake kusomwa mbele ya wanachama jina kwa jina. Mtoto aliyeacha katikati, kikundi kiende nyumbani kwao kuuliza kisa, kama mnavyokwenda kwa mwanachama aliyekosa kulipa mkopo.

Limebaki la mjukuu mgonjwa. Huyo ndiye mmoja ambaye kusoma kwa siku nzima nyumbani kunaweza kumfaa, kwa mwaka mmoja au zaidi. Lakini asianzie kwenye simu. Nyanya aende kwanza kwa mwalimu mkuu, akiwa na barua ya hospitali, aombe jina la mtoto libaki katika rejista na kazi za darasa ziletwe nyumbani. Kisha waende katika kituo cha EARC cha kaunti ndogo, ambako watoto wenye ulemavu na shida za kusoma hupimwa na wazazi hushauriwa, wakiwemo wanaosomea nyumbani. Masomo ya mtandao yaje baada ya hapo, yakifuata kile darasa lake linachofundishwa. Nyanya ametuambia yeye hajui kusoma. Hiyo haimzuii kuketi karibu na kumwambia mtoto amsimulie alichojifunza leo. Pia katika kikundi chake kuna mama wawili waliosoma mpaka Kidato cha Nne, na mmoja wao anakaa ng'ambo ya mto tu. Tumewaomba wazungumze naye leo kabla hawajapanda gari.

Maswali tutayapokea baada ya chai. Wenye vikundi vilivyotembelewa na mtu wa karatasi, tafadhali leteni karatasi hizo hapa mbele tuzisome pamoja.